Don Draper: mwongo asiyeombewa huruma

Don Draper, mtu wa matangazo ya biashara katika tamthilia ya televisheni ya Marekani Mad Men (AMC, 2007–2015), anatumia jina la maiti. Jina lake halisi ni Dick Whitman: alibadilisha kibati chake cha utambulisho na cha ofisa wake, Don Draper halisi, aliyeuawa katika vita vya Korea, akarudi Marekani kama mtu mwingine.

Siri hiyo waandishi hawakuificha hadi mwisho. Katika msimu wa 1 tu, Pete Campbell, mfanyakazi mwenzake, anaipeleka kwa bosi, Bert Cooper, naye hajali hata kidogo. Mtazamaji aliyesubiri adhabu anabaki ameduwaa. Adhabu inatokea nyumbani, msimu wa 3, mkewe Betty anapofungua droo yenye ushahidi wa siri hiyo.

Kabla ya hapo kuna Adam, mdogo wake. Don anampa dola 5,000 atoweke. Adam anajinyonga baadaye. Pesa ile ni ukarimu na ukatili kwa mkono mmoja, na hakuna anayetuambia tuipime vipi. Msimu wa 5 ni mkali zaidi: Lane Pryce, mshirika wake katika kampuni, anaghushi sahihi ya Don kwenye hundi, na Don, ambaye jina lake zima ni la kughushi, anamlazimisha kujiuzulu. Kikazi, Don hana kosa. Ndiyo maana tukio linauma.

Panapolegea ni msimu wa 6, kumbukumbu za utoto wake danguroni. Zinaeleza mno. Waandishi wengi wanaoiga tamthilia hii huanguka papo hapo: kila dhambi inapewa jeraha la utotoni, mhusika anageuka mgonjwa tu, na uamuzi wake haumhusu tena.