Siku moja maishani mwangu: niko Mikindani, kazi yangu ni anga la Norway

Kila nikitaja kazi yangu watu wanacheka kwaiyo leo naandika siku nzima muone wenyewe. Kuna jamaa anatembeza wageni Tromsø, huko kaskazini kabisa mwa Norway, usiku anawapeleka kutafuta aurora, zile taa za kijani angani, na mimi huku Mtwara ndo namwambia leo kuna dalili au hamna. Mwenyewe sijawahi kuziona. Hata Mei 2024 ile dhoruba kubwa ya jua, ya kiwango hicho haikutokea tangu 2003, mpaka Florida watu walipiga picha, sisi hapa tulilala tu.

Saa 1 asubuhi. Chai, vitumbua, laptopu. Nasoma utabiri wa siku tatu wa Wamarekani wa kituo cha Boulder, afu nafungua picha za jua natafuta eneo jeusi, maana humo upepo wa jua, zile chembe zinazowasha aurora zikifika kwetu, unatoka kwa kasi. Leo lipo, na nlikuwa nalisubiri, jua linajizungusha kwa siku kama 27 hivi kwaiyo tulionana mwezi uliopita.

Saa 4. Nashuka pwani, mjomba anashona nyavu. Shikamoo mjomba. "Marahaba, mpwa wangu, jua lako linasemaje?" Nikamwelezea habari ya siku 27, akanyamaza kidogo akasema kumbe nalo lina bamvua yake. Nimeipenda hiyo, ila bamvua haijawahi kumdanganya mjomba, mimi jua limeshanidanganya sana.

Saa 8 mchana umeme umekatika, joto la Desemba mnalijua. Kule ni saa 6 na jua halichomozi kabisa mpaka katikati ya Januari, wanapata mwangaza kama wa alfajiri tu.

Saa 11 jioni ndo kazi yenyewe, na wala sio jua, ni MAWINGU. Wageni wote wanauliza Kp ni ngapi, ile namba ya 0 mpaka 9 ya kupima sumaku ya dunia imevurugika kiasi gani, wanataka 5 wanataka 6, wakati Tromsø hata 2 inatosha kwa sababu mji uko chini kabisa ya ule mkanda wa aurora. Taa zinawaka kilomita 100 na zaidi juu, mawingu yako chini yake, yakifunga hata Kp iwe 9 utaangalia blanketi. Leo pwani ya kule imefunga. Nikamwambia jamaa vuka milima uelekee Finland, huko bara mawingu yanapungua. Masaa ya barabarani hayo, amelalamika lakini kaenda.

Saa 3 usiku nimerudi kwenye laptopu, umeme umerudi, mbu nao. Sasa naangalia satelaiti zinazokaa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani upande wa jua, zinapima upepo kabla haujatufikia. Kasi kilomita 500 kwa sekunde, yaani nina kama dakika 50 za kumuwahi jamaa. Ila sumaku inayokuja na huo upepo imeelekea kaskazini, na ikikaa hivyo mlango umefungwa, upepo hauingii vizuri, hata kasi iwe nzuri vipi. Wageni wanasikia baridi, jamaa ananitumia alama za kuuliza tu ??? na mi namjibu subiri, subiri, neno lenyewe nishalichoka.

Saa 5 na robo ikageuka kusini na ikang'ang'ania hukohuko. Nikaandika: zima taa za gari, washushe.

Saa 6 na dakika kumi picha ikaingia. Kijani anga zima na pindo jekundu juu. Kamera inaongeza chumvi lakini, siku aurora ikiwa dhaifu jicho linaona kama kawingu ka kijivu tu, na hapo ndo wageni wanadai hela zao. Leo hakuna aliyedai.

Saa 10 alfajiri mjomba anapita kwenda chomboni, nikamuonyesha simu. Akaitazama weee.

"Hizo karabai za nani?"

Nikamwambia za jua. Akasema samaki wake wangekoma, akaenda zake.