"Hii Imechakachuliwa": Mama, Mimi na Misitu ya New Hampshire

Miaka tisa nimeishi Lowell, Massachusetts, na kila Oktoba majani mekundu nilikuwa nayaona kupitia kioo cha gari tu, nikitoka zamu ya usiku huku macho yamejaa usingizi. Mwaka huu mama akaja kutoka Sikonge, Tabora. Siku ya tatu alisimama dirishani akaniuliza, "Mwanangu, miti ya hapa imepatwa na nini?"

Nikabadilishana zamu na mwenzangu, na Jumanne asubuhi tukashika barabara kuu ya I-93 kuelekea kaskazini. Jumanne kwa makusudi, maana siku za mwisho wa wiki watu hufurika kule kama Kariakoo siku mbili kabla ya Idi. Mama alikuwa amevaa koti langu juu ya vitenge viwili, mapajani ana chupa ya chai na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Michembe hiyo ilivukaje uwanja wa ndege, sikuuliza.

Njiani tukabishana kuhusu jina. Kamusi huita msimu huu vuli, na mama hataki hata kulisikia. Vuli ni mvua, anasema, redioni wanaitangaza kila mwaka, watu wapande. Huku nani anapanda? Tukakubaliana kuyaita majira ya kupukutika.

Baada ya mwendo wa saa mbili tukafika Lincoln, mji mdogo chini ya milima. Hapo inaanza barabara ya Kancamagus, kilomita kama 55 kukatiza msituni hadi Conway. Katikati hakuna duka, hakuna sheli, na simu kwa sehemu kubwa haina mtandao. Yote hayo niliyajua, na bado nikaipita sheli ya Lincoln kwa sababu mama alikuwa anapiga kelele, "Tazama ule! Tazama ule!"

Ulikuwa mti wa mepo (maple), peke yake kwenye kona. Kileleni mwekundu kama pilipili iliyoiva, kiunoni rangi ya embe, chini bado kijani, kana kwamba mtu amekuwa akiumimina rangi taratibu na hajamaliza. Nyuma yake kulikuwa na miti yenye gome jeupe linalobanduka kama karatasi, majani yake njano tupu, na misonobari ya kijani kibichi isiyojali lolote.

Nikamweleza nilichokuwa nakijua. Mchana ukifupika na usiku ukiwa wa baridi, mti unaacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani. Njano ilikuwemo tangu zamani, ilifunikwa tu. Nyekundu ndiyo hutengenezwa wakati huo huo, sukari ikiwa imebaki ndani ya jani. Wataalamu wanaiita anthosiani.

"Kama miombo," akasema mama, bila kushangaa hata kidogo.

Nikanyamaza. Ni kweli, na mimi niliyekulia Tabora nilikuwa nimesahau. Mwezi wa tisa na wa kumi, kabla tone la mvua halijaanguka, miombo huchipua majani mekundu, pori zima linang'aa kama shaba. Rangi ni ile ile. Ila kule ni ya jani linalozaliwa.

"Hawa wamegeuza kalenda," akahitimisha mama, akamega mchembe.

Pale njia inapofika juu kabisa, mita kama 870, tulishuka kupiga picha. Nikakosea kumtajia urefu huo. Tabora mjini, tambarare vile, iko kwenye mita 1,200 hivi. Alicheka mpaka akashika ukingo. Kisha akauliza Kancamagus ni nani. Chifu wa Wapenacook, nikamwambia, karne ya 17. Mwaka 1689 alishiriki kuivamia Dover, mji wa walowezi. "Mirambo wao," akasema. "Na watu wake wako wapi?" Wengi walihamia kaskazini, Kanada. Hakuongeza neno.

Taa ya mafuta iliwaka pale pale tulipoanza kushuka. Nikajifanya sijaiona.

Tukasimama kwenye maporomoko ya Sabbaday. Unatia dola zako kwenye bahasha, unaitumbukiza kwenye bomba la chuma, hakuna anayekusimamia, jambo lililomshangaza mama kuliko maporomoko yenyewe. Njia ni fupi na laini, imetandikwa majani mpaka hatua hazisikiki. Akaokota jani moja la mepo, akaligeuza: juu jekundu, tumboni limepauka, mishipa mitano imetoka kwenye kikonyo kama vidole. Akalinusa.

"Msitu huu umepandwa?"

Hapana. Mwishoni mwa karne ya 19 milima hii ilikatwa magogo ovyo, moto ukala mabaki. Mwaka 1911 ikapitishwa sheria ya kuiruhusu serikali kununua ardhi iliyoharibiwa, na mwaka 1918 ukatangazwa msitu wa taifa. Sehemu kubwa ya tunachokiona iliota yenyewe. Mama, ambaye ameshuhudia miombo ikiishia kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, alipapasa shina lililokuwa karibu. "Visiki vyetu navyo huchipua," akasema, "wakiviacha."

Daraja la Albany lenye paa, la mwaka 1858, tulilitazama kwa haraka. Akili yangu ilikuwa kwenye geji. Kwa mteremko na dua tukafika Conway.

Karibu na sheli kulikuwa na duka la shira ya mepo. Baba ni mrina asali, ana mizinga ya magome, kwa hiyo mama hadanganywi. Akaomba tone, akalidondoshea karatasi kama wanavyopima asali nyumbani. Karatasi ikalowa. "Hii imechakachuliwa."

Muuzaji alitaka kujua amesema nini. Nikatafsiri kwa adabu. Akacheka, akatueleza kwamba wanachemsha kama lita 40 za utomvu kupata lita moja. Mama akabadilika uso; kazi anaiheshimu. Mti ukitobolewa haufi? Haufi, kidonda hujiziba. Na hutobolewa lini? Baridi inapoelekea kuisha, usiku kukiganda na mchana kukiyeyuka, Machi hivi.

Mama alihesabu miezi kwa vidole. "Basi mwakani nitakuja Machi," akasema, akalipia chupa mbili. Nami nikaanza kufikiria nani atakubali kubadilishana zamu.