Nilivyokagua bwawa kabla ya kware kuanza kulipua

Mwenye kware, yaani machimbo ya mawe yaliyo karibu na bwawa, alitaka barua moja tu: bwawa ni zima, baruti ziendelee. Nikamwambia barua ya namna hiyo siandiki. Nitamwandikia hali ya bwawa ilivyo leo, ili ukuta ukija kupasuka ijulikane ufa upi ni wa zamani na upi umeletwa na kazi yake.

Bwawa lenyewe ni la udongo, mashariki mwa Nairobi ukishapita Njiru, la kunyweshea mboga. Ukuta unafika mita 7 hivi kwenda juu, na chini yake kuna nyumba za mabati. Bwawa la Patel kule Solai lilipopasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018, watu zaidi ya 40 walikufa. Majirani wale hawakuhitaji kuelezwa nimefuata nini.

Udongo wa huko ni ule mweusi wa pamba. Kiangazi hupasuka wenyewe, mvua zikirudi huvimba na kujifunga, kwa hiyo nyufa hazikosi. Nilifukua kila ufa kwa panga. Nyingi zilijaa vumbi na kuishia karibu. Mmoja ulifuata urefu wa ukuta, upande mmoja umeshuka kidogo kuliko mwingine. Huo ndio wa kuogopa, maana huenda ukuta unateleza. Nikapigilia vigingi pande zote mbili, nikapima nafasi kati yake na kupiga picha.

Chini ya ukuta maji yalikuwa yakipenya. Bwawa la udongo halikosi kuvuja. Cha kuangalia ni rangi. Maji ya matope yanabeba udongo kutoka ndani ya ukuta.

“Mzee, maji haya huwahi kuchafuka?” nilimuuliza mlinzi.

“Kijana wangu, mimi hufulia hapo. Yakichafuka nitakuwa wa kwanza kujua.”

Tuliyakusanya kwa mfereji mdogo hadi kwenye bomba, tukapima ndoo ya lita 20 inajaa kwa muda gani.

Mashimo ya fuko na mikaratusi iliyoota ukutani niliviandika tu. Kilichonikasirisha ni mfereji wa kumwagia maji ya ziada: mtu alikuwa ameuziba kwa magunia ya mchanga ili bwawa lijae zaidi. Kwa maoni yangu magunia yale yalikuwa hatari kuliko baruti, kwa sababu maji yakipita juu ya ukuta wa udongo huula haraka. Yalitolewa siku hiyohiyo.

Mwisho tulipima kimo cha vigingi vya saruji juu ya ukuta. Alama ya kulinganishia niliiweka kwenye mwamba ulio mbali na kware. Wakichimba siku moja chini kwa chini na ardhi ikadidimia, alama ya karibu itadidimia pamoja na ukuta, na vipimo vitasema hakuna kilichosogea.

Masharti yangu yalikuwa maji yapunguzwe kwanza, baruti za mwanzo ziwe kidogo, kipima mtikisiko kikae juu ya ukuta, na ndoo ipimwe kila asubuhi. Nakala moja ilikwenda kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

“Injinia, unanifilisi,” mwenye kware alisema, lakini akatia sahihi. Mwenye shamba naye akatia. Walichobaki kubishania ni nani atakayemlipa mzee kwa kupima ndoo.