Jana usiku kazima taa mwenyewe

Miaka 2 tangu nimchukue mpwa wangu aje kwangu Mbagala, alikuwa halali bila taa. Kiti amekiegemeza mlangoni, ukimgusa bega ghafla anaruka. Jana kaizima mwenyewe. Nimelia jamani.

Mwanzoni nilikosea, nilimwambia "sahau, mama". Mtoto hasahau kwa kuamriwa. Sasa nabisha hodi, nasubiri aseme karibu, hata kama nampelekea chai tu. Tulipiga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure, kisha tukaenda Dawati la Jinsia na Watoto, kule polisi. Mengine ni yake, siyasemi hapa.

Jumapili tulivuka na pantoni kwenda Kigamboni, upepo unampiga usoni. Tuliporudi akasema, "Anko, nataka kukueleza kitu." Nikazima redio, nikakaa.