Nilivyovipata vigawo vya 4,294,967,297 kwa kalamu na karatasi

Namba 4,294,967,297 ni 2 kwa kipeo cha 32, ukiongeza 1. Mnamo mwaka 1640 Pierre de Fermat aliamini kuwa ni namba tasa, kama zilivyo 3, 5, 17, 257 na 65,537 zinazoitangulia katika mfuatano wake, hadi Leonhard Euler alipoonyesha mwaka 1732 kwamba inagawanyika. Hayo nilikuwa nimeyasoma tu, na sikuridhika, kwa kuwa nilitaka kuvipata vigawo hivyo mwenyewe, bila kikokotoo.

Nilianza vibaya. Niligawanya kwa 3, kwa 7, kwa 11, na kuendelea hivyo hadi nilipokaribia 100, ndipo nikatambua kwamba kipeuo cha pili cha namba hii kinazidi 65,536 kidogo, na kwamba chini ya hapo zipo namba tasa zaidi ya elfu sita. Niliweka kalamu chini nikaanza kufikiri.

Tuseme p ni namba tasa inayoigawanya namba yetu. Basi 2 kwa kipeo cha 32, ikigawanywa kwa p, huacha baki sawa na −1. Kwa hiyo 2 kwa kipeo cha 64 huacha 1, wala hakuna kipeo kilicho chini ya 64 kinachoacha 1. Nadharia ndogo ya Fermat inasema kwamba 2 kwa kipeo cha p−1 nayo huacha 1, hivyo ni lazima p−1 igawanyike kwa 64. Hadi leo hunigusa kuona kwamba hoja inayoiangusha dhana ya Fermat imesimama juu ya nadharia yake mwenyewe.

Kutoka hapo kazi ikawa nyepesi. Namba zinazozidi vigawe vya 64 kwa 1 ni 65, 129, 193 na kuendelea, na namba tasa tano za kwanza miongoni mwao ni 193, 257, 449, 577 na 641. Sikuwa na haja ya kugawanya namba yote ya tarakimu kumi, kwani ilitosha kufuata baki. Kwa 193 nilibakiwa na 109, kwa 257 na 2, kwa 449 na 325, kwa 577 na 288. Kwa 641, nilianza na 65,536, yaani 2 kwa kipeo cha 16, ambayo inaacha 154; 154 mara 154 ni 23,716, nayo inaacha 640; nikaongeza 1, ikawa 641 kamili. Nilirudia hesabu hiyo mara tatu kabla ya kuiamini.

Kigawo cha pili ni 6,700,417, na hapa wengi huishia. Mimi nilitaka kujua kama nacho ni tasa. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, na kwa kuwa sharti la 64 linakibana vilevile, zilibaki namba saba tu za kujaribu: 641 yenyewe, 769, 1,153, 1,217, 1,409, 1,601 na 2,113. Sita za kwanza zote ziliacha baki, na ya mwisho, 2,113, iliacha 94. Kwa hiyo 6,700,417 ni tasa, na namba ya Fermat ina vigawo tasa viwili tu.