Ng'ombe, mpunga na Ruaha inayokatika: nilivyotafiti uhamaji wa tabianchi Usangu

Natafiti uhamaji wa wafugaji kuingia Usangu, bonde la wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, na unavyowagusa wanyamapori. Dodoso langu la kwanza lilikuwa na swali bovu: "Je, ulihamia hapa kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi?" Karibu wote walijibu ndiyo. Redio imeshawazoesha watu neno hilo, na mgeni mwenye karatasi huonekana kama mtu wa mradi. Nililifuta. Sasa neno tabianchi halitoki kinywani mwangu mpaka mahojiano yaishe. Nauliza njia mtu aliyopita, kituo kwa kituo, na mifugo yake ilikuwaje kila kituo.

Miaka nayo hukosewa, kwa hiyo natumia kalenda ya matukio: Operesheni Vijiji, vita vya Kagera 1978 na 1979, kifo cha Sokoine Aprili 1984, mvua za Elinino 1997 na 1998, msiba wa Mwalimu Oktoba 1999, mifugo kuondolewa Ihefu, kinamasi cha Usangu, 2006 na 2007, sensa ya 2012 na ya 2022. Elinino ndiyo imekaa vichwani kuliko yote. Mazungumzo huenda hivi:

"Shikamoo mzee. Elinino ilikukuta wapi?"

"Marahaba mwanangu. Ilinikuta Chunya. Nilikuwa nimeshatoka Igunga, majani yaliisha. Chunya nako ndorobo wakanimaliza, ndiyo nikashuka huku."

Hapo kuna kuhama mara mbili kwa sababu mbili. Ukame una haki ya kudai safari ya kwanza tu; ya pili ni ya ndorobo na maradhi wanayoeneza. Ukiandika "mhamiaji wa tabianchi" mbele ya jina la mzee huyu, umeshaharibu hesabu kabla ya kuianza.

Idadi ya ng'ombe siulizi. Hutapewa, au utapewa nusu, kwa kuwa swali hilo kwa kawaida huja na faini au tangazo la kupunguza mifugo. Nauliza wanaokamuliwa ni wangapi msimu huu, na zizi nalipima kwa hatua kama nimeruhusiwa. Mkalimani wa Kisukuma, Kibarbaig au Kimasai asiwe mgambo wala mtu wa ofisi ya kijiji. Na usichukue sampuli kutoka daftari la mtendaji peke yake. Kaya zilizofika juzi, ambazo halmashauri ya kijiji haijazipokea, hazimo humo, na ndizo unazozitafuta. Naanza na mabalozi wa vitongoji, kisha nafuata njia za ng'ombe kutoka kisimani hadi mazizini. Nachukua kaya 25 hadi 30 kwa kila kundi: wenyeji, waliofika kabla ya 2006, na waliofika baadaye. Chini ya hapo tofauti kati ya makundi humezwa na bahati nasibu.

Kosa ninalolikuta zaidi kwenye rasimu za wanafunzi ni kuchukua mvua ya Mbarali na kuilinganisha na idadi ya watu wa Mbarali. Mvua iliyomsukuma mtu ni ya alikotoka. Natumia CHIRPS, takwimu za mvua zinazoanzia 1981 kwa vipande vya takribani kilomita 5. Natoa mfululizo mmoja wa Meatu, Shinyanga au Igunga, kutegemea historia za kaya, na mwingine wa Usangu. Halafu najaribu kuilinganisha mvua na uhamaji wa mwaka 1 na wa miaka 2 baadaye. Mfugaji haondoki mwaka wa kwanza wa ukame. Husogeza ng'ombe karibu, huuza wachache, hungoja. Pengo hilo lisipowekwa, uhusiano hauonekani, na mtu anaandika kwamba haupo.

Kwenye picha za setilaiti natafuta majaruba, vichaka vilivyofyekwa na ukubwa wa kinamasi. Nachukua picha za kati ya Septemba na mwanzo wa Novemba tu. Masika kuna mawingu, na mpunga mchanga ukiutazama kutoka juu hauna tofauti na majani ya Ihefu. Moto wa Agosti nao una hila yake: ardhi iliyoungua huwa nyeusi, na programu huisoma kama maji. Picha za setilaiti ya Landsat 7 zina michirizi tangu mwisho wa Mei 2003, na Landsat 5 iliacha kupiga picha Novemba 2011 huku Landsat 8 ikianza 2013, kwa hiyo 2012 una michirizi hiyo tu. Usiufanye mwaka wako wa kulinganishia. Sentinel-2 ni nzuri, kila nukta ya picha ni mita 10, ila inaanza 2015.

Maji ndiyo njia kuu ambayo uhamaji unamfikia mnyamapori aliye mbali na zizi. Mto Ruaha Kuu, unaotoka Ihefu, ulianza kukatika kiangazi mwaka 1993, na lawama ziliangukia ng'ombe. Tatizo ni kwamba miaka hiyohiyo kilimo cha mpunga cha umwagiliaji nacho kilikuwa kikipanuka. Vitu viwili vilivyokua pamoja huwezi kuvitenganisha kwa grafu moja. Lakini Usangu ilitoa jaribio ambalo mtafiti asingeweza kulipanga: mifugo iliondolewa 2006 na 2007, Usangu ikaingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kwa Tangazo la Serikali namba 28 la 2008, na mto ukaendelea kukatika. Ukienda kwenye mabanio, yaani vizuizi vya kuchepushia maji mferejini, ya mito inayoshuka kutoka safu za juu, kama Chimala na Kimani, mwezi wa Oktoba, utaona kwa nini. Mahindi na mpunga vimeshavunwa lakini mferejini maji yanapita, kwa ajili ya matumizi ya nyumbani, bustani, kufyatua tofali, na baadaye vitalu vya wanaotaka kuwahi soko. Tofauti na masika, kiangazi hata lita chache kwa sekunde zina uzito, kwa sababu pale Ng'iriama, maji ya Ihefu yanapotokea, kuna kizingiti cha mwamba. Kina kikishuka chini ya mwamba, mto unakatika ingawa kinamasi bado kina maji. Kwa hiyo swali langu kwa kaya zilizohamia si kwamba wana ng'ombe wangapi tu. Nauliza wanalima jaruba ngapi, wanafungua maji tarehe ngapi, na nani ana zamu. Wasukuma wengi ni wakulima na wafugaji kwa pamoja, na wenyeji nao wanafungua maji hayohayo. Takwimu za mtiririko ziombe mapema Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, Iringa. Kituo cha Msembe, ndani ya hifadhi, ndicho kinachoonyesha kilichowafikia viboko.

Kwa wanyama wenyewe, ndani ya shoroba, yaani mapito yao, na upande wa Idodi na Pawaga mkoani Iringa natembea mistari ya kilomita 2, nikihesabu vinyesi na nyayo mita 5 kila upande. Mistari yote nairudia mwezi uleule. Kinyesi cha tembo hukaa miezi wakati wa kiangazi, lakini mvua ikianza tuta-mavi, wale wadudu wa kinyesi, na maji hukimaliza upesi. Ukilinganisha Oktoba na Januari, utadhani tembo wamekimbia.

Kamera za mtego, zinazojipiga zenyewe kitu kikipita, nafunga sentimita 40 hadi 50 kutoka ardhini, zikitazama kaskazini au kusini ili jua lisiingie kwenye lenzi. Nafyeka majani mita 4 mbele. Unyasi mmoja unaopepea hujaza kadi nzima kwa picha za upepo. Siku 30 ndicho kima cha chini. Fisi hutafuna mikanda na tembo hung'oa, kwa hiyo natumia mnyororo. Dhidi ya wizi mnyororo hausaidii kama kuongea na wachungaji kwanza. Nawaonyesha picha zinavyotoka, na picha za watu nazifuta mbele yao.

Pagumu kuliko pote ni eneo la kulinganishia. Ukame unaomhamisha mtu unampunguza swala pia, hata pasipo na mtu. Unahitaji mahali penye mvua ileile pasipo wageni, na pembezoni mwa Ruaha ni shida kupapata. Mimi nimetumia vipande vya ndani ya hifadhi vilivyo mbali na mpaka, nikikubali kwamba doria nazo zinabadilisha matokeo.

Vibali: COSTECH (tume ya sayansi) na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) kwa utafiti wa wanyamapori, TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) kwa kuingia hifadhini, halafu barua za mkoa, wilaya, kata na kijiji. Panga miezi, usipange wiki.

Nukta za GPS za nyumba zihifadhi kwa nywila, na kwenye ramani unayoitoa sogeza kila nukta angalau kilomita moja kuelekea upande wa bahati nasibu. Mipaka ya hifadhi imebadilishwa tena 2023, na kaya iliyokukaribisha maziwa jana inaweza kuwa ndani ya mstari kesho. Ukiombwa ramani yenye nukta halisi, jibu ni hapana, hata anayeiomba akiwa ndiye aliyekupa gari.