Mjomba, mawe na vola iliyokuwa inavuta kulia

Kale kagari nilikanunua kwa jamaa mmoja wa mtaa wa Essence, hapa Bukavu, milango mitatu, vola (usukani) upande wa kulia kama nyingi zinazotoka Japani, moteri ya litri 1.3 tu lakini ina turbo, na nguvu yote inaenda magurudumu ya mbele. Ukiwa unatembea polepole ni raha. Ila ukikanyaga gazi kwenye vitesi ya pili na turbo ikaamka, vola inakunyang'anya mikono, inakimbilia kulia kwenye mtaro, ukiachilia gazi inarudi kama hakuna kitu. Na wakati wa mvua, kwenye milima yetu hii, magurudumu ya mbele yanazunguka bure tu.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Wengine walisema paralelisme, yaani magurudumu hayaelekei sawa, nikaipimisha, ikabaki vilevile. Ya mawe aliileta mjomba. Yeye maisha yake yote ameendesha pikapu, zile zinazosukuma na nyuma, na msimu wa mvua alikuwa anapakia mawe nyuma ndiyo apande, na kweli alikuwa anapanda. Basi akajaza mawe kwenye kofre yangu, kule nyuma kwa mizigo, mimi nitamwambia nini mjomba, mvua ndiyo imetoka kukatika, tukaanza kupanda Kadutu. Katikati ya mupando gurudumu moja la mbele likaanza kuzunguka peke yake, udongo unaruka, gari haiendi mbele wala nyuma, vijana wakaja kusukuma na wakataka pesa kabla hata ya kugusa gari. Mjomba anasema tuongeze mawe.

Hapo karibu kulikuwa na garaji, kama bati mbili na shimo zinaitwa garaji, na muzee wa hapo akatoka taratibu, akafungua kofre, akaangalia mawe, akamwangalia mjomba.

"Papa, pikapu yako ilikuwa nasukuma na nyuma. Iyi inavuta na mbele. Mupando umesharudisha uzito nyuma, na weye unaongeza mawe kule kule nyuma, sasa pine ya mbele itashika chini na nini?"

Mjomba akajibu, "Basi tuyaweke juu ya moteri." Hakuwa anatania.

Mawe yakatoka, vijana wakasukuma kidogo tu, tukaingia garaji. Muzee hakushika ufunguo kwanza. Akapima upepo: pine ya mbele kushoto kilo 1.6, ya kulia 2.4, halafu ni za okazyo, zilishatumika, kila moja na meno yake. Akaniambia nivute breki ya mkono, nitie vitesi ya kwanza, niachie ambreyaje (klachi) kidogo kidogo, kapo, kifuniko cha moteri, iko wazi. Moteri ikaruka juu kabisa, supporti yake, ile inayoishikilia, imekatika. Kisha akaingia shimoni na chuma kirefu, akakisukuma kwenye mkono wa chini wa gurudumu la kulia, nikaona kwa macho yangu ile silanbloku, kiungo cha raba kinachoshika mkono huo, raba imeachana na chuma, mkono unatembea mbele na nyuma karibu upana wa kidole. Kumbe kila nikikanyaga gazi, gurudumu linajigeuza lenyewe.

Na jante, ringi za magurudumu. Aliyeniuzia alikuwa ameweka pana zinazotoka nje, ili kagari kapendeze. Muzee akasema gurudumu likitoka nje ya mhimili wake wa kukata kona, ule mstari linapogeukia, nguvu ya kardani, chuma kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu, inapata mkono mrefu wa kuvuta vola. Baadaye nilisoma kwamba Ford, kwenye Focus RS ya 2009 yenye farasi 305 zote mbele, ilipambana na jambo hilo hilo: wakatenganisha sehemu inayogeuka na amotisere (shokapu), ule mhimili ukasogea karibu na katikati ya gurudumu. Renault nayo ilifanya hivyo kwenye Mégane RS. Yule muzee hakuwa na habari za Focus, yeye anajua anachokiona.

Tukarudisha jante za kawaida, pine mbili za mbele za aina moja, kilo 2.2 pande zote, silanbloku na supporti mpya. Nikamuuliza habari za otoblokanti, diferansieli inayojifunga yenyewe, ju diferansieli ya kawaida, ile inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili, gurudumu moja likiteleza la pili nalo halipati nguvu ya maana. Akacheka, akasema otoblokanti inashika vizuri ila vola nayo itakuvuta zaidi, na bei yake unanunua gari ingine.

Tukapanda tena mupando ule ule, ukingali na udongo, vitesi ya pili, gazi kidogo kidogo. Ikapanda. Kuvuta haikuisha yote, ju kardani ya kulia ni ndefu kuliko ya kushoto, muzee alishaniambia hiyo siyo ya kutengeneza garajini kwake, lakini sasa mkono mmoja unatosha. Kuteremka akaendesha mjomba, kelele njia nzima eti vola iko fasi mbaya.